Kondoo Ndani ya Cherehani

Mama Boay tulimzika Jumanne, nyuma ya nyumba yake pale Karatu, na viatu nilivyovaa siku ile bado viko kibarazani kwangu Arusha vikiwa na udongo wake. Mwanangu ameviona akaniambia nivipige brashi. Nimemwambia aviache. Udongo wa Karatu ni mwekundu na mbishi, ukikauka unageuka vumbi, na mimi na vumbi lile tumejuana kabla yeye hajazaliwa. Wakati tunangoja jeneza litoke ndani, akina mama tulikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, na kama ilivyo kawaida ya misiba yetu, machozi yalipopungua visa vikaanza. Mmoja akasema marehemu alikuwa mkali. Mwingine akasema ndiyo, lakini gauni alilolishona yeye hukulipeleka kwa fundi mwingine kurekebishwa. Kisha mwanamke mmoja ambaye mambo haya yalipotokea hakuwa hata amezaliwa akauliza, “Si ndiye aliyetia mafuta ya kondoo kwenye cherehani?” Mkeka mzima ukaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni Mama Eliya, bibi wa miaka themanini sasa, aliyekuwa amewekewa kiti cha plastiki kwa sababu ya magoti. Mimi sikucheka. Kisa kile Karatu wanakijua wakubwa kwa wadogo, na si cha kweli. Mafuta yalitiwa kweli, cherehani iliganda kweli, lakini aliyeyatia si Mama Boay. Ni mimi. Nilikwenda msibani na rambirambi mkononi na hilo moyoni, nikiwa nimelificha zaidi ya miaka arobaini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanzoni mwa miaka ile ya themanini ambapo sukari, sabuni na khanga vilikuwa vikitafutwa kama dawa. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na wapishi walilala huko huko, wakishuka mara moja baada ya wiki mbili. Akanipangia chumba kwa Mama Boay, mjane wa miaka kama arobaini na mitano, Mwiraqw mwenzangu, ambaye chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa cha kushonea. Chumba changu kilikuwa nyuma ya hicho. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na dirisha la mbao lisilofunga vizuri. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa matofali ya kuchoma lakini haukufika kwenye bati, paliachwa nafasi ya kama mkono mzima, na kupitia nafasi hiyo nilisikia yote. Nilisikia wateja wakipimwa viuno na kujitetea. Nilimsikia mama mmoja akilalamika kwamba mumewe anasema amenenepa, na Mama Boay akimjibu, huku pini ziko mdomoni, “Mwambie aje nimpime yeye mdomo.” Sikuwa namjua mtu Karatu, na kwa wiki zile za kwanza nilijilaza kitandani mchana nikicheka peke yangu kwa maneno ya watu ambao sijawahi kuwaona nyuso.

Kila siku saa kumi na moja jioni mlio wa cherehani ulikatika, na badala yake zikaanza sauti ndogo ndogo: skrubu ikifunguliwa, kitu kama unyoya kikipita kwenye chuma, kitambaa kikifuta, kimya, tena unyoya. Mtu angeweza kuogesha watoto watatu kwa muda ule. Siku moja uvumilivu ulinishinda nikaenda kusimama mlangoni. Mama Boay alikuwa ameilaza cherehani yake ubavu, ile ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika kwa kushikwa, akiwa ameinama ndani yake. Hakugeuka. “Dasi,” akasema, akitumia neno letu la msichana ingawa nilikuwa mke wa mtu, “ama uingie ufunge mlango ama utoke ufunge mlango. Vumbi halichagui.”

Niliingia, na huo ndio ukawa mwaka wangu. Barabara ya kwenda kreta ilikuwa bado ya udongo, na ilipita hatua chache mbele ya nyumba. Kiangazi gari moja la watalii likipita, mtaa mzima ulipotea kwa dakika kadhaa, na kuku waliokuwa weupe waliibuka upande wa pili wakiwa na rangi ya matofali. Mama Boay aliyajua magari kwa masikio. Akisikia lori linapanda kutoka Mto wa Mbu alisema, “Funika,” nami nikairushia cherehani kitambaa cha marekani, na tukakaa tumeikumbatia mpaka lipite, kama watu wanaomkinga mtoto na mvua. Asubuhi alimwaga maji mbele ya kizingiti. Sakafu haikufagiwa kwa fagio kavu hata siku moja, ilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Wateja walioingia na viatu vyenye vumbi walirudishwa nje wakavikung'ute, hata kama ni katekista.

Lakini adui aliyemhofia zaidi hakutoka barabarani. “La nje unaliona,” aliniambia. “La ndani unalizaa mwenyewe.” Alikuwa akisema juu ya manyoya ya nguo, ule usufi laini unaoachwa na kila kitambaa kinapochomwa sindano, unaoshuka kupitia kibati cha chini na kujikusanya kwenye yale meno yanayosukuma nguo, na kuzunguka kijumba cha bobini, ukajazana taratibu mpaka unakuwa mgumu kama kipande cha blanketi. Akanifundisha kufungua skrubu mbili za kibati na kuziweka kwenye kifuniko cha kopo ili zisipotee. Akanifundisha kutoa bobini, kutoa kijumba chake, na kupitisha unyoya wa bawa la kuku kutoka ndani kuja nje, kamwe si kutoka nje kwenda ndani. Kupuliza kwa mdomo kulikatazwa kabisa. Nilipopuliza mara ya kwanza nilipigwa kofi mkononi. “Umepeleka mate na vumbi mahali ambapo unyoya haufiki. Sasa kavitoe kwa mdomo huo huo.” Baada ya unyoya kikaja kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta kwa kila tundu, moja tu, kisha mshono wa hatua chache kwenye kipande cha marekani kuukuu ili mafuta ya ziada yaishie huko na si kwenye nguo ya mtu. Yote hayo kila siku, hata siku iliyoshonwa pindo moja.

Nilidhani ni ushupavu wa mjane tu, mpaka siku aliponikamata. Alikwenda gulioni, nami nikachukua kitambaa changu cha kijani nilicholetewa na mume wangu nikajishonea sketi kwa siri, nikaificha chini ya godoro, nikasafisha cherehani vizuri, au ndivyo nilivyojiambia. Jioni alifungua kibati, akaingiza ncha ya unyoya, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na kitu kidogo cha kijani, si zaidi ya mguu wa sisimizi. Akakitazama, akanitazama. “Wiki hii nimeshona kaki, nyeupe na buluu. Huyu wa kijani ni mgeni wa nani?” Nikaileta ile sketi. Aligeuza mishono ndani nje, akavuta pindo, akanikabidhi. “Imepinda,” akasema. “Lakini imepinda sawasawa pande zote, maana yake una jicho, ila hujui kulitumia. Kesho ukimaliza kufua njoo ukae hapa.” Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo, na nimepewa hata vyeti.

Basi tukafanya mapatano. Mimi nisafishe cherehani kila jioni, na yeye anifundishe kila mchana. Tulikula pamoja ili kuokoa kuni: makande ya mahindi na maharage yaliyochemka toka asubuhi, maziwa mgando kwenye kibuyu, na Jumapili ugali wa moto na mlenda. Sukari ilipokosekana tulikunywa chai kwa chumvi kidogo, akisema ulimi ni kama mteja, ukiuambia kwa uhakika kwamba hii ndiyo mitindo ya sasa unakubali. Nami nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeitarajia katika ndoa ya mume wa wiki mbili mbili. Naisema wazi kwa sababu nilipokuwa kijana niliona aibu kuisema: mwaka ule nilimngojea mume wangu, ndiyo, lakini niliyeamka nikitaka kumwona alikuwa Mama Boay.

Mwezi wa sita baridi ikaingia. Asiyeijua baridi ya Karatu asidanganywe na ramani. Ukungu hushuka kutoka msitu wa kreta, ukakaa juu ya mashamba ya ngano mpaka saa nne, na maji ya kwenye beseni yanauma meno. Ndipo Mama Eliya alipoleta kazi ya kipaimara. Alikuwa Mchaga aliyehamia na mumewe mwenye duka, mwanamke wa sauti na wa mipango, na ndiye aliyechaguliwa na akina mama wenzake kusimamia mavazi ya mabinti. Magauni saba meupe, ya teteroni, askofu anakuja Jumapili ya tatu. Teteroni ile ilipatikana kwa mbinde. Alikuwa ameitafuta miezi minne, na aliileta ikiwa imefungwa kwenye shuka mbili kama mtoto mchanga. “Mama Boay,” alisema, “kitambaa hiki hakina ndugu yake. Kikiharibika kimoja, binti wa watu anapanda madhabahuni na gauni la shule.” Gauni moja lilikuwa la Neema, binti yake mwenyewe.

Wiki ya mwisho, Jumatano asubuhi, habari ikaja kwamba mjomba wake Mama Boay amefariki huko Mbulu. Ilimlazimu aende. Magauni yote yalikuwa yamekatwa na manne yameshonwa. Aliketi akaniangalia, akasema jambo nililokuwa nikiliota: “Mishono ya pembeni ya haya matatu utashona wewe. Kola na mikono uniachie.” Kabla hajaondoka alinishika bega akanionyesha chupa ya mafuta ya cherehani, iliyokuwa imeinamishwa kwenye kikombe tangu juzi yake, ikitoa machozi ya mwisho. Mafuta hayakupatikana Karatu, wala Arusha. “Hayo matone usiyaguse mpaka nirudi Ijumaa. Wewe safisha tu. Cherehani safi itakwenda siku tatu bila mafuta. Chafu hata ukiiogesha haiendi. Umenisikia, dasi?” Nilisema nimesikia.

Nilisikia kwa masikio. Jumatano nilishona mishono ya gauni moja, imenyooka hata mimi nikashangaa, na jioni nikaona nikipoteza saa nzima kwa unyoya sitamaliza na mengine. Nikafunika bila kusafisha. Alhamisi akaja mama mmoja wa Kimaasai kutoka Ngorongoro juu, mteja wa siku nyingi, na shuka tatu nyekundu za kupindwa. Sikuwa nimeruhusiwa kupokea kazi. Lakini aliniita fundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikazipokea, nikazipinda zote mchana ule ule yeye akisubiri kwenye benchi, na shuka zile nzito zilitoa manyoya mekundu mpaka mikono yangu ikawa kama ya mchinjaji. Nilikuwa na kikohozi cha vumbi tangu Mei. Yeyo yule, kama Wamaasai wanavyomwita mama, alinisikia nikikohoa, akatoa kwenye mkoba wake kichupa cha mafuta ya mkia wa kondoo, akasema nipashe moto ninywe kijiko. Hayo mafuta kwetu sote, Wamaasai na Wairaqw, ni dawa ya kila kitu. Anakunywa mzazi, anapakwa mtoto, inalainishwa ngozi, na babu yangu alikuwa akiyapaka hata bawaba za mlango.

Alipoondoka nikarudi kwenye magauni meupe. Cherehani ilianza kulia. Mlio mwembamba, kisha ikawa nzito mguuni. Mtu aliyefundishwa miezi mitano angefungua kibati. Mimi nilikuwa na haraka, nilitaka Mama Boay arudi akute mishono yote imekwisha, nikasema chombo hiki kina kiu. Chupa ya mafuta nilikatazwa. Lakini kichupa cha kondoo hakuna aliyenikataza. Nikakipasha kwenye jiko mpaka yakawa kama maji, nikatia kwenye kila tundu, na si tone moja. Mlio ukaisha papo hapo. Ikawa laini, ikateleza, nikashona gauni la pili, nikashika la tatu, na nakumbuka niliwaza kwamba nitamfundisha Mama Boay jambo.

Ijumaa niliamka ukungu umejaa mpaka mlangoni. Nikaketi, nikakanyaga, na mguu haukwenda. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Nikashika gurudumu kwa mikono nikalilazimisha, sindano ikavunjika, na mkanda wa ngozi ukakatika ukanipiga usoni. Nilipofungua kibati, ndipo nikaona. Mafuta yalikuwa yameganda usiku, meupe yenye mishipa myekundu ya manyoya ya shuka, yamejaa kwenye meno, kwenye kijumba cha bobini, kila mahali, kama nyama iliyokaa kwenye sufuria toka jana. Na gauni nililoliacha chini ya sindano, ambalo kumbe lilikuwa la Neema, lilikuwa na doa la waridi karibu na shingo, kubwa kama yai. Nilifanya jambo la kipumbavu zaidi kuliko yote. Nilirudisha kibati, nikafunika cherehani kwa kitambaa chake, nikaenda jikoni kupika makande.

Mama Boay alifika saa nane, vumbi la njia nzima kwenye kitenge chake. Alinawa, akala, akaniuliza magauni, nikasema mishono imebaki kidogo. Akaingia chumba cha mbele. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikihesabu hatua zake. Kitambaa kikaondolewa. Skrubu ya kwanza, skrubu ya pili. Halafu sauti yake, tulivu kabisa, ikapita juu ya ule ukuta: “Nani amechinja kondoo ndani ya cherehani yangu?”

Nililia kabla sijafika. Nilimweleza yote, shuka, haraka, kichupa, doa. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alikuwa ameshika unyoya, akiipapasa cherehani kwa mkono wa pili, na hapo nilielewa kitu ambacho miezi mitano sikuwa nimekifikiria: kwamba cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka watoto wake wawili shule ya bweni, ndiyo iliyolima shamba lake, na kwamba hakukuwa na nyingine. Akasema, “Hukuiharibu kwa mafuta. Uliiharibu Jumatano jioni.” Kisha akavua kitenge cha safari, akakunja mikono ya blauzi, akasema, “Leta mafuta ya taa.”

Mafuta ya taa yaliyokuwepo nyumbani yalikuwa nusu chupa, ya wiki mbili. Tuliyamwaga yote kwenye bakuli. Tulifungua cherehani ile mpaka ikabaki mifupa, akinitamkia kila kipande kabla sijakitoa, nami nikikipanga kwenye shuka kwa mfuatano ili kirudi njia ile ile. Tulichokoa kwa mwiba wa mgunga mahali unyoya ulipokwama. Tulifuta, tukachovya, tukafuta. Nilitoa mipira ya manyoya nikaweza kuisoma kama yeye: nyekundu ya shuka, chini yake nyeupe ya magauni, chini kabisa, mahali ambapo mafuta yalikuwa yameisukuma, nyeusi ya suruali ya sare ya mwezi uliopita. Hakunisemesha ila maneno ya kazi. Jumamosi asubuhi aliufupisha mkanda, akautoboa kwa msumari wa moto na kuufunga kwa waya, akatia yale matone aliyoyatunza, tone kwa tundu, akaketi. Akakanyaga. Ikazunguka. Nilitaka kupiga kigelegele nikaona uso wake, nikajizuia.

Magauni sita yalitoka safi. La Neema tulilifua kwa maji ya moto na kipande cha mwisho cha sabuni, tukalifua tena kwa maji ya majivu, na doa likapungua likawa kivuli, lakini kivuli kilibaki. Akakizungushia mkunjo wa kitambaa kama ua. Kwa mbali ungesema ni pambo. Mama Eliya hakuwa mtu wa kutazama kwa mbali. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alikuja na binti yake, akalishika gauni, akafunua mkunjo, akaliweka puani. “Hiki nini? Hiki kinanuka kondoo.” Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Boay nikiwa na pasi ya mkaa. Nilifungua mdomo. Mama Boay akawahi. “Mafuta ya cherehani yaliniishia,” akasema, “nikatia ya kondoo. Kosa ni langu.”

“Wewe? Fundi mzima?”

“Mimi.”

Maneno ya Mama Eliya siku ile siyaandiki, yalikuwa mengi na kwa upande wake yalikuwa ya haki. Neema alipanda madhabahuni na gauni lenye ua, na askofu hakulitazama ua hata kidogo. Lakini kabla ibada haijaisha kisa kilikuwa kimeshazunguka mabenchi yote. Tuliporudi nyumbani nilimfuata jikoni nikamwuliza kwa nini. Alikuwa akichambua maharage na hakuacha.

“Umewashonea watu nguo ngapi?”

“Hizi tu, mama.”

“Basi. Mimi nimewashonea tangu hii barabara ni ya ng'ombe. Nikikosea watasema Mama Boay kakosea. Wewe ukikosea watasema hajui, na hakuna atakayekuletea kitambaa tena Karatu hii. Chambua na wewe, usisimame.”

Alilipia. Sare za kwaya zilizokuwa zije kwake zilikwenda kwa fundi wa sokoni. Wateja kadhaa walianza kupita mlango wake kama hawauoni, na wavulana walilia kama kondoo wakipita dirishani, naye akiwajibu kwa kuwalilia kama mbuzi. Miezi miwili baadaye Mama Eliya alirudi. Alikuwa na kitambaa cha kitenge kikubwa, kipya, na aliingia bila kukung'uta viatu. Alinipa mimi. “Wewe nimesikia una mkono mzuri,” akasema. “Nishonee wewe. Mama huyu amechoka.” Nilimtazama Mama Boay. Alikuwa ameketi kwenye stuli ya pembeni akipachika vifungo, na bila kuinua macho akasema, “Mpime.” Nikampima. Kiuno nilikipima mara tatu. Kwa nguo ile nilianza kuwa fundi. Mwisho wa mwaka mume wangu alipopata kazi Arusha, niliondoka nikiwa na wateja wangu mwenyewe, ambao walikuwa wake, na miaka mitano baadaye ni mimi niliyeitwa kurudi Karatu kushona gauni la harusi la Neema.

Nimekuwa na duka la ushonaji Arusha. Nimefundisha mabinti, zaidi ya ninaoweza kuwakumbuka majina, na wote nimewapiga kofi mkononi walipopuliza. Kila nilipokwenda kumsalimu Mama Boay nilimwambia, “Mama, leo nitamwambia Mama Eliya.” Kila mara alinijibu kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu, kwa hiyo ninyamaze, ninywe chai. Ilikuwa rahisi kumtii. Nakiri hilo pia. Utii wa namna ile hauna gharama yoyote kwa anayetii.

Pale msibani kicheko kilipotulia nikasema, si kwa sauti kubwa, “Aliyetia mafuta yale ni mimi.” Walidhani natania. Nikawaeleza, Jumatano mpaka Jumapili, na nilipomaliza hakuna aliyekuwa akicheka. Mama Eliya aliniangalia kwa macho yake yenye ukungu wa uzee.

“Na gauni la harusi la Neema?” akauliza.

“Nilishona mimi.”

“Najua ulishona wewe. Si nilimnyima yeye nikakupa wewe? Nauliza, ulipokuwa unalishona hapa, yeye alikuwa wapi?”

“Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu,” nikasema, “ameshika kitambaa kisiguse sakafu.”

Jeneza lilipotolewa alinipa mkono nimwinue, tukaenda polepole, magoti yake na yangu, mpaka ukingoni mwa kaburi. Watu walitupisha. Mama Eliya akainama kadiri alivyoweza, akachota udongo, akasema kwa sauti ile ile yake ya mipango ambayo kila mtu aliisikia, “Mama Boay, nilikunyima kazi bure. Nisamehe.” Akaniachia nafasi. Nilikuwa nimetoka Arusha na maneno yangu ya kuomba msamaha, nimeyapanga njia nzima. Nikachota udongo wangu, nikafungua mdomo, na yote yakapotea. Nikasema, “Asante, mama,” na nikalirudia hilo moja mpaka wenye majembe wakaniomba nisogee.